Gari Katika Uwanja wa Masufuria

Nitaanza na tarehe, maana katika mji huu mtu akitaka kukudhulumu kwanza hukwambia umesahau. Jumapili, tarehe kumi na nane Agosti, mwaka 1996, baada ya sala ya Laasiri. Mzee Muhdhar alikuwa akimsomea marehemu mkewe hitima. Alisimama katikati ya uwanja wake ulio mwisho wa mtaa wetu wa Kuze, pale kichochoro kinapokutana na barabara, akasema mbele ya watu wasiopungua mia moja kwamba uwanja ule ameutoa. Tangu siku ile si wake wala si wa wanawe. Ni wa masufuria ya mtaa.

Kwa asiyejua, masufuria yenyewe ni kumi na mawili, makubwa hata mtoto anaweza kuogea ndani yake. Yalinunuliwa kwa mchango wa mtaa zamani sana. Ukiwa na arusi unayachukua, ukiwa na matanga unayachukua, unayapikia hapo hapo uwanjani, na hulipi. Sharti ni moja tu: uyasugue kwa jivu na mchanga, uyarudishe yamefudikizwa. Hakuna nyumba Kuze, ya tajiri wala ya maskini, ambayo haikuoza na kuzika kwa wali wa masufuria yale.

Nilikuwepo siku ile. Mimi ndiye niliyefunga vipaza sauti, na kinasa sauti changu kilikuwa kinazunguka. Sikusomea ufundi chuoni. Redio ya kwanza niliifungua kwa kisu cha mezani, nikachapwa, nikaifunga, ikasema kuliko mwanzo. Tangu hapo nimefunga vipaza vya maulidi, vya arusi, vya mikutano ya wanasiasa waliotuahidi maji, na kila mahali nilinasa. Nina kanda mia tatu na kitu, na kila moja ina tarehe. Watu huniambia nina kinyongo. Mimi nina kanda.

Hati ya uwanja ilibaki katika jina la Muhdhar kwa sababu hakuna aliyedhani neno la Muhdhar lingehitaji karatasi. Hilo ndilo kosa letu, nasi huliita adabu. Kumwambia mzee "haya, tia sahihi" baada ya kusema mbele ya watu, ungeonekana huna malezi. Basi mzee akafa, Mola amrehemu, na mwanawe Faraj, mwenye duka la viungo, akarithi nyumba, akarithi duka, akarithi na hati. Akakaa kimya miaka. Mwezi wa tatu mwaka huu akabadilisha kufuli la uwanja, akayatoa masufuria kumi na mawili, akayapanga kichochoroni kama taka zinazongoja kubebwa.

Unajua kwa nini? Kwa sababu mwanawe alinunua gari.

Nilimkuta Bi Mejumaa amekaa juu ya sufuria moja, ameziba kichochoro. Bi Mejumaa ndiye mtunzaji wa masufuria, na kabla yake alikuwa mamake. Ufunguo wa kufuli la zamani ulikuwa bado umefungwa kwenye pindo la kanga yake, na sasa haufungui kitu.

"Kombe," akaniambia, "wewe si mtu wa kelele? Leo umemezwa na nani?"

"Nimeandika barua tatu, Bi Mejumaa."

"Zimepikika?"

Nilikwenda ofisini, sitaji ofisi gani. Kijana aliye nyuma ya meza akasema, "Leta karatasi." Nikamwambia sina karatasi, nina kanda. Akamwita mwenzake aje anitazame. "Mzee huyu ana kanda," akasema, wakacheka wote wawili, na mmoja akauliza kama nina na sahani za santuri. Nikarudi Kuze, nikapita nyumba hadi nyumba na redio yangu kuukuu nikiwachezea watu maneno ya Muhdhar. Redio inakwaruza, sauti imejaa ukungu. Wanasikiliza kidogo, wanasema, "Ndiyo, mzee alisema, lakini Faraj ndiye mwenye hati, tutafanyaje?" Kisha wananikaribisha chai. Hilo la chai ndilo huniua. Mtu anaibiwa mchana, anamkaribisha chai anayemwambia ameibiwa.

Wiki ya pili gari likaja lenyewe dukani kwangu Buxton. Nililisikia kabla sijaliona. Ni gari la mbio, la milango miwili, jeusi, limelala chini hata likipita juu ya ganda la ndizi linalihisi. Akatoka Ziad bin Faraj, kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, miwani imekaa kichwani.

"Salamu alaikum, ami Kombe."

"Wa alaikumu salamu. Hiyo ina kifua?"

"Ekzosi hiyo, ami. Nimeiweka mimi."

"Basi umeilipia maradhi."

Akacheka. Sikutaka acheke. "Nimeambiwa Mombasa hakuna sikio kama lako," akasema.

"Umeambiwa na nani?"

"Na watu unaowatukana."

Nikamuuliza anataka nini, nikidhani nalijua jibu. Nimewafungia vijana wengi magari, na wote wanataka besi ya kutikisa madirisha ya jirani, wapite Tudor usiku na mchana kama tetemeko la ardhi. Ziad akasema: "Sitaki kelele. Nataka nikikaa pale kitini, mwimbaji awe mbele yangu. Nijue amesimama wapi. Nimsikie akivuta pumzi kabla hajaanza."

Miaka thelathini na tano natengeneza sauti, na mtu pekee aliyewahi kuniomba hivyo ni mwana wa Faraj. Nilikasirika zaidi.

"Kazi itafanyiwa wapi? Hapa kwangu vumbi, na wiki mbili hazitoshi."

"Uwanjani kwetu," akasema. "Kuze, mwisho wa kichochoro. Baba hataki gari ilale ndiani."

Uwanjani kwetu. Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anavyosema mkono wangu. Nilikuwa na bisibisi mkononi, nikaiweka mezani polepole. Nikataka kumwambia toka. Kisha nikaikumbuka kanda, nikawaza kwamba haitachezwa tena kwenye redio ya kukwaruza. Itachezwa ndani ya gari lililomfukuza Bi Mejumaa, kwa sauti ambayo hata kiziwi wa kujifanya hataweza kusema hakusikia. Nikamwambia nitaifanya, na nitakuja kesho asubuhi.

Uwanja ulikuwa umepigwa saruji. Pale palipokuwa na mafiga palikuwa na doa la oili. Nilisimama juu ya lile doa, nikafanya kazi kwa wiki tatu, na naapa sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile. Hasira ina mikono mizuri ukiipa kazi.

Kwanza nilimvulisha ekzosi. "Huwezi kutafuta pumzi ya mtu huku gari lakohoa," nikamwambia, na akakubali, akarudisha ile ya kiwandani. Kisha nikavua milango, nikabandika ndani yake mikeka mizito ya mpira yenye uso wa bati, hata ukiugonga mlango ulilia kama meza ya mvule, si kama debe. Waya wa umeme kutoka kwenye betri niliupitisha ubavu wa kushoto, na nyaya za sauti ubavu wa kulia, zisikaribiane, maana zikikaribiana injini inaimba ndani ya spika. Pa kufungia waya wa chini, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, nilikwangua rangi hata bati likang'ara. Spika ndogo za sauti nyembamba nikazipachika kwenye nguzo za kioo cha mbele, za kati milangoni, na besi katika sanduku lililozibwa kabisa, nimelichonga mwenyewe likae nyuma ya viti kama limezaliwa pale.

Ziad alikaa nami kila siku baada ya kazi yake. Alikuwa akiuliza maswali, na maswali yake, nasikitika kusema, yalikuwa mazuri.

Siku moja Faraj akaja na chupa ya kahawa na vikombe. Hilo nalo mulielewe. Faraj si mtu wa kubweka. Ana adabu kuliko sisi sote, na ndiyo maana ameweza.

"Fundi Kombe," akasema akinimiminia. "Bado watuandikia barua?"

"Naandika."

"Andika, bwana. Mkono usilale." Akatazama nyaya. "Na hii yote ni ya kusikilizia nyimbo tu?"

"Ni ya kusikiliza lolote lililosemwa."

"Mashaallah," akasema, akanipa tende.

Nje ya lango, kichochoroni, Bi Mejumaa alikuwa bado amekaa juu ya sufuria lake. Nilipotoka jioni alinishika shati.

"Kwa hiyo sasa wamfungia mziki."

"Bi Mejumaa, nina mpango."

"Wewe una mpango tangu nina meno. Juzi mwana wa Mubaraka ameoa. Wali umepikwa Tudor, umeletwa kwa tuk-tuk, umefika baridi kama uso wa jini. Mpango wako wala nini?"

Alisema kweli. Masufuria yalikuwepo, mikono ya kupika ilikuwepo, pa kupikia hapakuwa.

Kazi ilipokwisha ilibaki kuirekebisha sauti, na hapa nitaeleza jambo la ufundi kwa ufupi, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo. Ndani ya gari dereva hakai katikati. Spika ya kulia iko karibu na sikio lake, ya kushoto iko mbali, kwa hiyo kila mwimbaji humwangukia kulia. Dawa yake ni kuichelewesha spika ya karibu, kwa muda mfupi kuliko wa kukonyeza, mpaka sauti zote mbili zifike sikioni pamoja. Ukipatia, mwimbaji anaondoka kwenye mlango, anasimama mbele yako juu ya dashibodi. Lakini utajuaje umepatia? Lazima utumie sauti uijuayo, ambayo unajua kila mtu alisimama wapi. Mafundi wengine hutumia nyimbo za kununua. Mimi hutumia kanda zangu, kwa sababu maiki niliziweka mwenyewe na watu niliwaona kwa macho.

Nilikuwa nimeihamisha kanda ya hitima kwenye flashi. Nikamwambia Ziad akae kitini, afunge mlango, mimi nikainama dirishani na kompyuta yangu.

"Kuna mzee anasema," akasema. "Yuko hapa, kulia kidogo."

"Kulia si mahali pake. Yeye alikuwa katikati." Nikaongeza kuchelewesha. "Sasa?"

"Anasogea. Anasogea... Hapo. Yuko hapo." Aliinua kidole akaonyesha kioo cha mbele, kama mtu anayeonyesha mwezi. "Kuna mtu akohoa kushoto."

"Ndiyo. Alikohoa hitima nzima."

"Na kuna wanawake kwa kulia, mbali, kama nyuma ya ukuta. Mmoja yuwasema wali waungua."

"Huyo ni Bi Mejumaa. Alikuwa pale ulipoegesha tairi la nyuma."

 Mzee Muhdhar alikuwa amefika pale pa kuutoa uwanja. Ile sauti ambayo kwa miaka ilikuwa ukungu ilisimama nzima mbele ya mjukuu wake, na pumzi zake, na ule mlio mdogo wa meno ya kubandika. Akasema uwanja huu nimeutoa. Akasema mimi na wanangu hatuna haki nao, ni wa masufuria ya mtaa hadi siku ya mwisho. Akasema, Faraj mwanangu, simama, uwe shahidi. Na kijana mmoja, karibu kabisa na maiki, akajibu: "Nimeridhia, baba."

Ziad akasimamisha. Akarudisha nyuma. "Nimeridhia, baba."

"Huyu ni babangu," akasema.

"Ndiye."

"Na yule ni babu. Sijapata kumsikia babu. Nilikuwa wa mwaka mmoja alipokufa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Nilikuwa na majibu ishirini, yote makali, na hakunipa nafasi hata ya moja. Alikaa tu, mikono juu ya usukani. Kisha akasema: "Uliichukua kazi hii kwa ajili ya haya."

"Kwa ajili ya haya."

"Ungeweza kuniambia siku ile ya kwanza."

"Ungenisikia?"

Akafikiri. "Sijui. Mimi baba aliniambia uwanja ni wetu, ni kwamba watu wamezoea tu."

"Ijumaa nataka gari," nikamwambia. "Iwe langoni hapo, milango wazi, watu watokapo msikitini. Waisikie wote."

"Wataka kumfedhehesha babangu kwa gari yangu."

"Ndiyo."

"Huna hata haya ya kukana."

"Sina."

 Mwishowe akasema atalitoa gari, ila kwa sharti: baba yake akae kitini. Asisikie kama watakavyosikia walio nje. "Wewe mwenyewe umesema sauti hii ni ya kiti kimoja," akasema. "Basi na akae yeye." Sikupenda. Mimi nilitaka Faraj asimame juani, katikati ya watu, bila pa kuegemea. Lakini ufunguo wa gari ulikuwa wake, nikakubali.

Ijumaa hiyo, watu walipotoka msikitini, gari lilikuwa limesimama kwenye lango la uwanja, pua kichochoroni, milango miwili imefunguliwa kama masikio. Masufuria yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta, na Bi Mejumaa juu ya lake. Faraj akaja na kanzu yake nyeupe, uturi unamtangulia.

"Baba," Ziad akasema, "kaa hapa. Nataka usikie kazi ya fundi."

Faraj akatutazama, mimi na mwanawe, akatabasamu. Mbele ya watu hangeweza kumkatalia mwanawe jambo dogo hivyo. Akajiinamisha, akaingia kwa shida, magoti yakamfika kifuani, maana lile si gari la mtu mwenye kanzu na tumbo. Mimi nikabonyeza.

Walio kichochoroni walisimama. Sauti ya Muhdhar ilitoka milangoni ikawapiga usoni, na wale wazee waliomjua walishika vifua. Mmoja alisema, "Lahaula, ni Muhdhar huyu." Hakuna aliyetikisika. Uwanja huu nimeutoa. Mimi na wanangu hatuna haki nao. Nilikuwa namtazama Faraj. Alikuwa ameganda, mato yamekodoa kwenye kioo cha mbele, pale katikati, kwa sababu kwake yeye babake alikuwa amesimama pale pale. Faraj mwanangu, simama. Akapeleka mkono mlangoni kama anayetaka kusimama kweli. "Nimeridhia, baba," ikasema sauti ya ujana wake, nami moyoni nikasema: haya, jibu sasa.

Kanda ikaendelea. Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo fundi wa mji mwingine hangelifanya, maana hangekuwa na kanda ya namna hiyo. Sikuikata. Hitima huishaje? Sauti ya sheikh ndani ya kanda ikasema, "Al-Fatiha," na watu mia wa mwaka 1996 wakaanza kusoma. Na watu wa Ijumaa ile, waliosimama kichochoroni, wakafanya kile ambacho mikono yao imefanya tangu utotoni. Wakainua viganja, wakasoma. Faraj akatoka garini, machozi yamemtiririka hadi ndevuni, akainua mikono juu kuliko wote, akasoma kwa sauti. Wakasema amin. Wakapangusa nyuso. Na Fatiha ikishasomwa, shughuli imekwisha. Kila mtu wa mji huu anajua hivyo, na miguu yake inajua. Wakaanza kuondoka.

Wakaanza kuondoka, nakwambia. Wanafuta machozi, wanaambiana, "Alikuwa mtu mwema yule," wanakwenda kula pilau. Mmoja alinipa mkono, akanishukuru kwa kumkumbuka marehemu. Faraj akanikumbatia. Alinikumbatia mimi, akasema, "Mola akulipe, Kombe, umenirudishia babangu." Nilisimama ndani ya uturi wake, nikaona miaka thelathini na tano ya kunasa sauti imegeuka kuwa maulidi. Nilifungua mdomo niseme, na nilichotaka kusema hakiandikiki.

Bi Mejumaa akaligonga sufuria kwa ule ufunguo wake wa zamani. Mara tatu. Sufuria tupu lina mlio ambao hakuna spika itakayouiga. Watu wakageuka.

"Faraj mwanangu," akasema, bila kuinuka. "Umesoma Fatiha?"

"Nimesoma, Bi Mejumaa. Mola amrehemu."

"Amin. Na babako alikuwa yuwasema nini kabla hujainua mikono?"

Faraj akamtazama, kisha akawatazama watu. 

"Mimi ni mjinga, sikusoma," Bi Mejumaa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya nazi. "Lakini nilipoposwa, wazee walisema neno, wakasoma Fatiha, nikawa mke wa mtu. Hakuna aliyeniletea karatasi. Kakangu alipouza mashua, neno, Fatiha, mashua ikaenda. Juzi hapa wewe mwenyewe umemwoza bintiyo Shariffa. Neno lilisemwa, ukasoma Fatiha. Yule mkweo akirudi kesho akwambie ile Fatiha ilikuwa ya bure, utamwambiaje?"

"Bi Mejumaa, hii ya leo ilikuwa ya maiti."

"Yawezekana. Tuwaulize." Akawageukia watu. "Nyinyi mulioinua mikono. Mulisomea nini?"

Kimya. Nilijua hiki kimya, nimekinasa mara nyingi. Ni kile cha watu wanaongoja mtu mwingine aanze. Nikataka kuanza mimi, nikakumbuka kwamba kila mara nikianza mimi huwa ni "kelele za Kombe". Nikauma ulimi, na ndio ulimi pekee nilioweza kuuma siku ile.

Aliyeanza ni Ziad. "Mimi nilisomea neno la babu," akasema. "Kwamba uwanja ni wa masufuria. Ndilo nililolisikia, ndilo nililolisomea."

Mzee mmoja mwenye bakora akasema, "Na mimi." Mwingine akasema, "Neno lilitangulia, Fatiha ikafuata. Ndivyo ifungwavyo." Waliokuwa wamekwisha fika mbali wakarudi. Hawakuwa na ghadhabu, nasikitika kusema. Walikuwa na ile hali ya watu wanaohesabu mahari na kukuta imepungua. Faraj ni mfanyabiashara. Nusu ya mzigo wake huchukuliwa kwa neno na Fatiha. Alitazama zile nyuso, nikaona anazihesabu.

"Basi nipa ufunguo," akasema Bi Mejumaa, akakunjua kiganja.

Faraj akatia mkono mfukoni. Na hapa, sikilizeni vizuri. Aliutoa ufunguo, akauinua juu watu wauone, akasema kwa sauti nzuri, ya kupendeza: "Kwa ajili ya rehema za marehemu babangu, leo hii, siku ya Ijumaa, mimi Faraj bin Muhdhar nautoa uwanja huu kwa mtaa."

"Mola akulipe," wakasema watu. "Mola akuzidishie."

"Huwezi kutoa kisicho chako," nikasema. Nilisema kwa nguvu, na nilikuwa naelekea kwake. "Umeiba, umekamatwa, sasa wajifanya—"

Bi Mejumaa alinifinya mkono. Vidole vyake vimesugua masufuria miaka hamsini. Alama ilikaa siku nne.

"Nyamaza, Kombe."

"Bi Mejumaa, yuwatoa mara ya pili kitu kilichokwisha tolewa."

"Ufunguo huu hapa." Alikuwa amekwisha ufunga kwenye pindo la kanga. "Wataka uwanja, ama wataka Faraj?"

Nilitaka vyote viwili, na mpaka leo nataka vyote viwili. Sioni kwa nini mtu aambiwe achague.

Gari liliondolewa saa hiyo hiyo. Ziad alilirudisha nyuma polepole, akalipeleka Tudor, analiegesha kando ya jengo alilopanga chumba, juani, na kila Jumapili analipangusa chumvi. Saruji ya uwanja tuliivunja kwa nyundo, mafiga yakarudi. Jumamosi ya tatu kulikuwa na arusi, na wali ukatoka moto. Baada ya mwezi Faraj akatundika kibao langoni, cha rangi ya kijani, maandishi meupe: UWANJA WA MASUFURIA, SADAKA YA FARAJ BIN MUHDHAR.

Nilikwenda na koleo. Bi Mejumaa alikuwa akipepeta mchele mlangoni.

"Kiache," akasema. "Moshi wa kuni utakila."

"Lini?"

"Wewe hesabu arusi."

Nimehesabu. Zimekuwa tisa, na maziko mawili, na kibao kimeanza kupata weusi upande mmoja tu, upande wa neno uwanja. Jina la Faraj linasomeka kama jana. Nimemwambia Bi Mejumaa ahamishe mafiga kidogo kulia, moshi ulifikie. Amesema atafikiri.

Ziad hunipitia dukani Buxton siku nyingine, tunakaa garini, mimi kiti cha abiria, ambacho sauti yake si sawa. Ananiomba niicheze kanda ya hitima tangu mwanzo, kabla ya babu yake kuanza kusema, pale wanawake wanapogombana nyuma ya ukuta juu ya wali. Namchezea. Lakini ninayo nyingine, ambayo bado sijamwonyesha. Siku ya Ijumaa ile kinasa sauti kidogo kilikuwa mfukoni mwa shati langu. Neno la Faraj, "nautoa", limo, wazi kabisa, na tarehe nimeiandika.